Shavu la Kushoto

Hangzhou,
4 Septemba 2023

Mjomba Abdulkadiri,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Zahoro, na kwamba mguu wake umepungua uvimbe. Mwambie ile dawa ya kuchua aliyonifungia ndani ya nguo nimemgawia Mkorea mmoja wa bwenini, na sasa ananiamkia "shikamoo" kila asubuhi ingawa amenizidi umri. Mimi sijambo. Joto la hapa limeanza kulegea, na wanafunzi wapya wanapotea njia chuoni kama nilivyokuwa nikipotea mimi.

Nakuandikia badala ya kukupigia, na sababu unaijua. Kila nikimtaja mama kwenye simu mtandao unakatika, na tukirudi kwenye habari za Zahoro unashika vizuri. Karatasi haikatiki. Dada Paskalina yuko Guangzhou anachukua viatu vyake vya biashara, ataibeba barua hii mpaka mlangoni kwako.

Jambo lenyewe ni hili. Huu ni mwaka wangu wa mwisho. Mwalimu Shen, anayetufundisha kuchora watu, ametaka kila mmoja wetu amchore marehemu mmoja wa kwao kwa namna ya zamani ya Kichina, ile waliyokuwa wakichorewa wazazi waliotangulia. Anayechorwa anakukabili uso kwa uso, hageuki hata kidogo. Masikio yote mawili lazima yaonekane. Uso mzima unapata mwanga ule ule; hakuna upande wa jua wala upande wa giza. Kazi zitatundikwa ukumbini mwezi Juni, na bila hiyo hakuna kuhitimu.

Nimemchagua mama.

Nilikuwa na miaka miwili alipofariki. Picha yake ya kamera hakuna hata moja. Nimekua nikiambiwa zilipotea, na sijawahi kuelewa picha zote za mtu mmoja zinapotea vipi. Ninachokijua cha uso wake ni picha yako ya rangi za mafuta, ile iliyo nyuma ya pazia la karakana. Nimeitazama tangu sijajua kusoma. Jicho la kulia nalijua, na ukingo wa pua, na nusu ya mdomo inayotaka kucheka. Upande wa kushoto ni giza.

Naomba uniandikie huo upande wa kushoto. Jicho lilikaaje? Alikuwa na kidoti, kovu, chochote? Wewe ni kaka yake, mmekula sahani moja. Sina mwingine wa kumwuliza. Bibi ametangulia, na baba ukimwuliza anasema yeye si mtu wa kukumbuka nyuso.

Mpwa wako,
Amira


Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu,
19 Oktoba 2023

Mpwa wangu Amira,

Marahaba, na marahaba nyingine ya yule Mkorea. Mguu wa Mama Zahoro leo uko hivi, kesho uko vile. Zahoro amepata bajaji ya mkataba, anaegesha Upanga karibu na hospitali. Anasema wagonjwa ni wateja waungwana kwa sababu hawana nguvu ya kubishana. Soko bado linajengwa na watu wote wamehamia barabarani. Mlangoni kwangu amekaa muuza mabegi, nami natoka ubavu ubavu kama kaa.

Nimefurahi kwamba unasoma. Lakini hayo ya uso wenye mwanga ule ule kila mahali yamenikuta pabaya, maana Wachina wako wamenitia aibu mtaani.

Unamkumbuka Bwana Gao, anayeuza zipu na bitana ghorofani, juu ya kwa fundi Kitwana. Aliniletea picha ndogo ya pasipoti ya marehemu mama yake, nimkuze kwa rangi za mafuta. Nikafanya kazi, Amira. Nikaanza na giza nikatoka nalo polepole kuelekea kwenye mwanga. Nikaweka dirisha upande mmoja, kama nilivyofundishwa na marehemu Mwalimu Ansbert, aliyefundishwa Hungaria na watu waliofundishwa na watu, mpaka huko nyuma Ulaya ilikogundua kwamba kichwa ni mviringo, si sahani.

Gao akaja kuchukua mzigo wake. Akaitazama. Akalamba kidole, akasugua shavu la mama yake.

"Fundi, hapa chafu."

Nikamwambia si uchafu, ni kivuli.

"Kivuli ya nani? Mama yangu iko peke yake."

Kitwana naye akaacha cherehani, akaja na futi yake shingoni. "Mzee Abdu, mama wa watu umempaka masizi kama sufuria la mama ntilie." Wakacheka mpaka wauza soksi. Gao hakucheka. Ameiacha picha kwangu, na tukipishana ngazini anatazama viatu vyake.

Kwa hiyo usinifundishe habari za masikio mawili. Watu wa huko hawajui kuchora kivuli, basi wamekifanya kuwa dhambi.

Kuhusu mama yako, Mwantumu alikuwa mcheshi, na akiita mtu hapa anasikika Mnazi Mmoja. Mtu ana pande mbili. Ukiujua mmoja umeujua mwingine. Chora milima. Naambiwa huko ipo mingi.

Mjomba wako,
Abdulkadiri


Hangzhou,
12 Novemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Pole na mlango, na umpe hongera Zahoro. Nimepata mafua na nimepona. Majani yameanza kuanguka na watu wanayapiga picha yakiwa chini.

Niliposoma kwamba Bwana Gao alilamba kidole nilicheka, halafu nikaisoma tena. Si kwamba hawajui kivuli. Mwalimu Shen anakijua vizuri na anazipenda picha za Ulaya. Anasema zinamsimamisha mahali pamoja kama mtu aliyeambiwa usisogee. Za kwao unatembea ndani yake. Mlima huo huo unauona kwa chini, kwa juu na kwa mbali, katika karatasi moja, na mahali palipoachwa peupe ndipo ukungu ulipo, au maji. Hawapaki kitu pale. Na hawasemi mianzi inachorwa, wanasema inaandikwa, kwa neno lile lile la kuandika barua. Wino ukigusa karatasi umezama. Hakuna kupaka juu, hakuna kesho.

Na mzazi aliyekufa hawamchori akiwa saa fulani ya mchana, jua likiwa dirishani. Alasiri inapita, kivuli kinahama, mtu anabaki. Wao wanamtaka huyo anayebaki. Wewe ulimtia mama yake Gao kwenye alasiri moja halafu ukaifunika nusu yake. Kwake yeye ni masizi kweli.

Sisemi mafuta ni makosa. Mkono wangu uliufungua wewe. Ndiyo maana naandika linalofuata, na nimeliandika na kulichana mara kadhaa.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne ulinipiga vidole kwa mpini wa brashi kwa sababu nilipaka kivuli cha mtungi kikawa cheusi kitupu. "Giza tupu ni uvivu," ulisema. Ukanikalisha mbele ya mtungi mpaka nikaona: ndani ya kivuli mna samawati, mna kahawia, mna mwanga uliodunda kutoka mezani, na ukingo wa mtungi unaendelea humo humo hata kama hauonekani kwa haraka. Nimezitazama picha zako zote kwa macho uliyonipa. Vivuli vyako vyote vina kitu ndani.

Cha mama hakina. Nina picha yake kwenye simu, nimeikuza mpaka ikawa madoa. Shavu haliendelei. Sikio halipo. Ni rangi nyeusi imewekwa kwa wingi, kwa brashi pana, juu ya kitu ambacho tayari kilikuwa kimekauka. Na wewe si mvivu, Mjomba.

Kuna nini chini yake?

Kama ni vigumu kuandika, basi niruhusu. Zahoro ameniambia amempata mtandaoni mtu wa kusafisha picha za zamani. Atampelekea, aguse kona tu.

Amira


Kariakoo,
22 Januari 2024

Amira,

Marahaba. Nyumbani wazima. Paskalina alinifikishia barua yako mwezi wa kumi na mbili. Kama jibu limechelewa, si kosa lake.

Picha ya mama yako haipo tena nyuma ya pazia. Nimeihamisha. Zahoro hajui ilipo, kwa hiyo usimsumbue mwenzio anatafuta riziki. Rangi iliyokauka miaka zaidi ya ishirini haiguswi kona na mtu wa mtandaoni mwenye pamba na mafuta ya taa. Ukimtuma mtu yeyote kwenye karakana yangu tutakosana, mimi na wewe, na sijawahi kukuambia hivyo tangu uzaliwe.

Sasa nikupe habari nyingine usije ukasema nina kichwa kigumu. Nilimrudia mama yake Gao. Barua yako niliisoma nimekasirika, halafu nikaitazama ile picha iliyoegemea ukuta na kidole cha mwanawe bado kimeacha alama shavuni. Nikaanza kuleta mwanga upande wa giza, tabaka juu ya tabaka, maana mafuta yana huruma hiyo, yanakuruhusu kurudi. Nikampa na sikio la pili. Mwalimu Ansbert angenipiga. Uso ukawa mpana, ukanitazama sawasawa, na nakwambia ukweli, ulinitisha kidogo. Kivuli ni mahali pa mtu kujificha. Yule mama hakuwa na pa kujificha na hakutaka.

Gao alikuja akasimama. Akabana mikono ubavuni akainama mara tatu mbele ya stuli nilipoiegemeza picha. Kitwana alizima cherehani bila kuambiwa na mtu.

Nakuandikia haya uelewe kitu kimoja. Kivuli cha mama yake Gao kilikuwa changu, nikaweza kukitoa. Cha mama yako si changu.

Usiniulize tena.

Abdulkadiri


Hangzhou,
28 Februari 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hapa sikukuu ya mwaka mpya wao imekwisha, viwanda vimefunguliwa, na dada Paskalina amerudi kuchukua viatu vya Iddi. Msalimie Mama Zahoro. Ramadhani njema ikifika kabla ya barua.

Sitakuuliza tena. Umesema kivuli si chako na hukusema ni cha nani, na mimi nimekaa na hilo tangu barua yako ilipofika. Nikiwa darasani nimekaa nalo, nikiwa kwenye foleni ya wali nimekaa nalo.

Lakini uliniandikia pia mwezi wa kumi kwamba mtu ana pande mbili, na ukiujua mmoja umeujua mwingine. Nimekutii. Ndani ya bomba la plastiki alilobeba Paskalina umo uso. Nimechukua upande wa kulia ulionipa wewe, nikaugeuza, nikauandika upande wa kushoto. Macho mawili sawa, nyusi mbili sawa, mdomo uliotulia katikati, masikio mawili. Hakuna kivuli. Niliharibu karatasi nyingi kabla ya hii.

Mwalimu Shen alisimama mbele yake akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Imechorwa vizuri," alisema. "Ni nani huyu?"

Nikasema ni mama yangu.

Akanitazama mimi badala ya picha. "Ni nani huyu?" akauliza tena, kwa upole, kama mtu ambaye hakusikia.

Mama zangu ni wawili sasa. Mmoja ni nusu na mwingine nimemtengeneza. Juni lazima nitundike mmoja, na yule nusu hawampokei. Basi nitamwandika tena huyu wa kutengeneza, ndiye watakayemwona, na mimi nitamwona kila siku mpaka nitasahau kwamba nilimtunga. Nitawaonyesha wanangu. Usiponiandikia chochote, Mjomba, huu ndio utakuwa uso wake. Siandiki hivi kukutisha. Naandika kwa sababu ninaona jinsi itakavyokuwa.

Amira


Kariakoo,
6 Aprili 2024

Mwanangu Amira,

Marahaba, mama. Mfungo unaelekea ukingoni na mvua haitaki kwisha. Mtaa wa Sikukuu umekuwa mto, na muuza mabegi amehamia ngazini. Mama Zahoro anafunga na mguu wake hivyo hivyo, ukimkataza anasema mguu haujawahi kula daku.

Nililifungua bomba lako mbele yake. Nikaitandaza karatasi mezani, nikaiwekea bilauri kwenye pembe. Nikasema, "Huyu simjui." Ni mwanamke mzuri, Amira, mkono wako umekuwa wa kuogopwa. Lakini sijapata kumwona mtu yule. Mama Zahoro aliitazama akasema, "Abdu, mwambie mtoto." Nikamjibu kama ninavyomjibu siku zote, kwamba marehemu alinikataza, alisema watu wasimwone. Naye akaniuliza, akiwa anachambua mchele, hata kichwa hakuinua: "Kwani mtoto wake ni watu?"

Miaka yote hii nimelishika neno lile kama kufuli, na sikuwahi kulitazama.

Mimba yako ilipokuwa kubwa, Mwantumu aliamka asubuhi uso umekwenda upande. Hospitali wakasema ni mshipa wa uso, wajawazito huwapata, na kwa wengi hurudi wenyewe. Wake haukurudi. Mtaani hawakusema mshipa. Walisema amepigwa kofi na jini, halafu wakatazama tumbo. Ulipozaliwa wakakutazama wewe. Hilo ndilo nililokuficha, si uso. Niliogopa utajihesabu kuwa wewe ndiye sababu.

Picha hazikupotea. Alizikusanya mwenyewe, za shule na za harusi, akazitia kwenye jiko la mkaa, kwa sababu wageni walikuwa wakizitazama halafu wanamgeukia yeye. Baadaye akaja karakana na mtandio umeziba upande ule. "Kaka," akasema, "nichore, mwanangu apate cha kutazama." Nikamchora mzima, pande zote mbili, kila alipopata mtu wa kukushika. Sijafanya kazi nyingine kama ile. Siku nilipoigeuza aione alisema, "Kaka, watu wasinione hivi. Ziba." Nikaziba mbele yake, kwa brashi pana, kama ulivyoona. Hakuishi sana baada ya hapo, homa ilimchukua.

Sasa upande wa kushoto. Nyusi ilikuwa imeshuka. Jicho lilikuwa kubwa kuliko la kulia na halikufumba sawasawa. Akilala lilibaki na mstari mweupe, na lilitoka machozi bila yeye kulia. Ule mkunjo unaotoka puani kwenda mdomoni upande ule haukuwapo, shavu lilikuwa laini kama la msichana. Mdomo ulivutwa kwenda kulia kwake. Akicheka, kulia kulipanda, na kushoto kulingoja. Kidoti hakuna.

Na jambo moja la mwisho. Ukiacha siku za kuchorwa, sisi sote alitupa upande wa kulia. Akiingia mlangoni, akila, hata kwa mumewe, alikuwa akigeuka. Kwako hakugeuka. Ulipokuwa ukinyonya ulikuwa unalipapasa shavu lile, na kuutia mdomo wake vidole kama unayeunyoosha, naye alikuwa anakuacha. Niliwakuta hivyo mara nyingi, akajifunika haraka kwa sababu yangu.

Juni ukitundika ninachokwambia, fahamu kwamba unatundika alichotaka kisionwe. Usipotundika, sijui chuo watasemaje. Mimi nimemaliza. Neno lake sasa liko kwako.

Mjomba wako,
Abdulkadiri


Hangzhou,
24 Juni 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, na hii haikuwa hasira. Natumaini maji yameondoka Mtaa wa Sikukuu na Mama Zahoro amekula Iddi yake vizuri. Mwambie swali lake limefika Hangzhou.

Ulisema uliogopa nitajihesabu. Nilijihesabu. Kwa siku kadhaa sikwenda darasani. Nililala nimegeukia ukuta nikawaona watu wa mtaa wakitazama tumbo. Kisha nikawa narudi kusoma pale pa kunyonya, hapo tu, mpaka mstari ule ukaanza kufutika kwa kidole.

Nilimwandika mwezi Mei. Nilitandaza karatasi mezani, nikasaga wino, nikakaa. Upande wa kulia nilikwenda taratibu kwa sababu niliuzoea na niliogopa mazoea. Nilipofika kushoto sikusita. Sitakudanganya kwamba nilikumbuka. Nilikuwa mdogo mno, na mtu anaweza kujitungia kumbukumbu kama nilivyojitungia uso. Lakini mkono uliendelea. Nyusi ikashuka. Jicho likabaki wazi. Mkunjo wa shavu sikuuweka, nikaacha karatasi nyeupe, na pale nilipoacha ndipo shavu lilipojaa. Mdomo ni mstari mmoja, umepinda, haukurudiwa.

Mwalimu Shen aliingia wakati wino haujakauka. Nilisimama mbele ya meza nikamziba mama. Akauliza kama ndiye. Nikasema ndiye. Akauliza kama anaweza kumwona, nikamwambia mwenyewe alisema watu wasimwone. Akatoka akarudisha mlango.

Jopo halikuwa kama yeye. Mwezi huu nilikwenda ukumbini na kazi yangu imekunjwa, imefungwa utepe, nikaiweka mezani chini ya mahali palipokuwa na jina langu ukutani. Wenzangu walikuwa wametundika babu na bibi zao. Mmoja wa watahini akashika utepe. Nikaweka mkono juu ya mkono wake. Sijui nilipata wapi ujasiri ule, Mjomba. Yule ni mtu mzima, mwenye mvi. Akaniambia picha isiyoonwa si picha. Nikamwambia hapa kwenu picha nyingi zilikaa kwenye sanduku, zikafunguliwa mezani kwa mgeni mmoja aliyealikwa, zikakunjwa tena. Ni za Ulaya zinazosimama ukutani kumtazama kila anayepita. Mwalimu Shen akatazama chini, nadhani alikuwa anatabasamu. Lakini walipiga kura, na yeye ni mmoja. Sikuhitimu. Wamenipa mpaka Januari nilete kazi nyingine. Ule uso wa kutengeneza ungenipitisha, na picha yake ninayo kwenye simu. Sikuitaja.

Nitachora milima, kama ulivyoniambia.

Nakuja mwezi wa nane, kabla ya muhula kufunguliwa. Ile ya mafuta iache ilipo, usiisafishe wala usinionyeshe chini yake. Alikwambia uzibe, ukaziba, imekwisha. Nakuja na hii yangu. Wewe ulishamwona, nawe si watu. Na Mama Zahoro pia.

Nimeibandika kwa mlalo, kama wanavyofanya karatasi ndefu za huku, zinazofunguliwa mezani kidogo kidogo kwa mikono miwili. Zinaanzia kulia. Nilikuwa nimeshaibandika ndipo nikaona maana yake: amekukabili uso kwa uso, kwa hiyo kulia kwako ni kushoto kwake. Ukianza kukunjua, Mjomba, atakupa kwanza shavu lile.

Mpwa wako,
Amira